Uzi: Bodaboda wangu anakimbia lakini anaonekana kama amebandikwa. Ukungu wa mwelekeo unawekwaje kwenye nodi?

#1 Mchoma Pikseli

Wakuu, heshima zenu.

Nina tangazo la duka la vipuri vya pikipiki, sekunde 15. Shoti moja ndiyo inaninyima usingizi. Bodaboda anapita kutoka kushoto kwenda kulia, kamera iko kwenye stendi, haitikisiki. Nilirekodi kwa simu saa saba mchana, jua la utosi, fremu 25 kwa sekunde, 1920 kwa 1080. Ukisimamisha fremu yoyote unasoma mpaka maandishi ya kwenye tairi. Ukiiachia icheze, jamaa haendi, anarukaruka kama chura.

Mteja akasema "ongeza spidi". Nikaongeza, ikawa mbaya zaidi.

Nikaingia Fusion, ile sehemu ya nodi (visanduku vya kazi vinavyoungwa kwa nyaya) iliyomo ndani ya programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve ya bure. MediaIn, yaani klipu yenyewe, nikaiunga kwenye Directional Blur (ndiyo ukungu wa mwelekeo), nikamchora bodaboda kwa Polygon (maski ya kuchora kwa mkono), kisha hiyo Polygon nikaichomeka kwenye kiingilio cha bluu cha nodi ya ukungu ili ukuta usiguswe. Length (urefu wa ukungu) nikavuta mpaka nikaridhika. Matokeo: ndani ya mchoro kuna ukungu, ukifika mpakani unakatika ghafla kama umepitishwa wembe. Nikalainisha kingo za maski, sasa jamaa anaonekana kama yuko ndani ya mfuko wa nailoni.

Nimekosea wapi? Mashine yangu ina RAM ya GB 16, kwa hiyo msinipeleke kwenye mambo mazito sana.

#2 Kijiwe Nongwa

Naweka kiti mbele kabisa. Ngoja waje wenye fani yao.

#3 Sele wa Templeti

Mkuu unajitesa bure. Kuna programu za simu unabonyeza mara moja ukungu huo hapo. Nodi waachie wa Hollywood.

#4 Mchoma Pikseli

Nilijaribu mkuu. Inaweka ukungu picha nzima, mpaka ukuta wa duka unakimbia.

#5 Kijiwe Nongwa

Ukuta ukikimbia si ndiyo spidi aliyoitaka mteja? 😂

#6 Mzee wa Nodi

Kijana, nodi haijakosea, imefanya ulichoiagiza. Kile kiingilio cha bluu hakimkati bodaboda. Nodi inatia ukungu picha nzima, ukuta na barabara na mtu kwa pamoja, halafu maski inaamua sehemu gani tuone picha yenye ukungu na sehemu gani tuone picha ya mwanzo. Kwa hiyo umeharibikiwa mara mbili. Mkia hauwezi kutoka nje ya maski, maana huko nje inaonyeshwa picha ya mwanzo. Na ndani ya maski rangi ya ukuta imeshakorogeka na koti la dereva. Huo ndio mfuko wako wa nailoni.

Mkate kwanza, mtie ukungu akiwa peke yake, ndipo umrudishe barabarani. Chukua Background (picha ya rangi moja) ambayo alfa yake, yaani kipimo cha kuonekana au kuwa wazi, umeishusha hadi 0, iingie kwenye pembetatu ya njano ya Merge (nodi ya kuweka picha juu ya picha). Klipu iingie kwenye ya kijani. Polygon iingie kwenye ya bluu ya hiyo Merge. Hapo unampata bodaboda peke yake, pande zote uwazi mtupu. Kutoka hapo nenda Directional Blur bila maski yoyote. Ukungu sasa una nafasi ya kumwagika nje, na alfa inamwagika nao.

Kisha Merge ya pili: kijani ni bodaboda mwenye ukungu, njano ni barabara tupu. Nasema TUPU. Ukimrudisha juu ya klipu ileile, yule bodaboda mkavu atachungulia chini ya ukungu, utakuwa na mtu pamoja na mzimu wake. Bahati yako kamera haikusogea. Nenda kwenye fremu kabla hajaingia, itoe kama picha mnato, hiyo ndiyo barabara yako. Kama kuna majani ya mti yanatikisika, usitumie picha mnato kwa fremu nzima. Ifunike kwenye njia anayopita tu, kwingine klipu iendelee kupumua.

Na kivuli chake kilichopo chini ya magurudumu ukikate pamoja naye. Nimeona kazi nyingi ambazo pikipiki ina ukungu, kivuli kimekaa mkavu kama kimechorwa kwa makaa.

#7 Mchoma Pikseli

Shikamoo mzee. Nimefuata hatua kwa hatua, wembe umeondoka kabisa, sikuamini. Ila sasa Length niweke ngapi? Nikivuta kidogo haionekani, nikivuta sana anakuwa kama jini anatoka kwenye chupa.

#8 Mzee wa Nodi

Marahaba. Hapo ndipo watu wengi wanavuta kitelezi kwa kukisia. Usikisie, pima.

Simamisha fremu moja, weka kipanya kwenye taa ya mbele, soma X kwa pikseli. Nenda fremu inayofuata, taa ileile, soma tena. Toa. Niambie umepata ngapi.

#9 Mchoma Pikseli

Fremu ya kwanza 812, inayofuata 889. Tofauti 77. Fremu za katikati zote zinacheza 76 mpaka 78.

#10 Mzee wa Nodi

Safi. Maana yake anakatiza picha yote kwa takriban sekunde moja, 77 mara 25 ni 1925.

Sasa fikiria kamera ya sinema. Desturi yake shata (kizibo kinachofunguka kuingiza mwanga) hubaki wazi nusu ya muda wa fremu, ndiyo wanaita digrii 180, kwa sababu zamani shata lilikuwa kisahani kinachozunguka, nusu wazi nusu kimezibwa. Kwa fremu 25, nusu ni 1/50 ya sekunde. Katika muda huo bodaboda wako angesafiri nusu ya 77, kama pikseli 38. Huo ndio urefu wa mkia wako: 38, haupungui sana wala hauzidi sana.

Linganisha na ilichofanya simu yako. Jua la saa saba, simu nyingi hazina namna ya kubana tundu la lenzi, kwa hiyo zinakimbiza shata. Tuseme yako ilifika 1/2000. Pikseli 1925 gawa kwa 2000, unapata mkia wa pikseli 1. Ndiyo maana unasoma tairi, na ndiyo maana anaruka. Jicho linaonyeshwa vituo, njia ya kati ya kituo na kituo haimo kwenye picha.

Kile kitelezi cha Length hakisomi pikseli, usihangaike nacho. Tengeneza Background nyeusi, weka kinukta cheupe kidogo katikati, kipitishe kwenye Directional Blur hiyohiyo, uvute mpaka mkia wa kinukta ufike 38. Nakili thamani hiyo kwa bodaboda. Ufutie mbali hicho kinukta.

#11 Dada Roto

Naongezea kwa Mzee. Kaka Mchoma, angalia aina ya ukungu uliyochagua. Ukiacha Linear, mkia unaenda upande mmoja. Chagua Centered, igawanyike sawa mbele na nyuma.

Najua mtu atasema "mkia si unabaki nyuma?" Huko ni kwenye katuni, mchoraji anachora mistari nyuma ya mtu ili tujue anaenda wapi. Kamera haijui anaenda wapi. Shata likiwa wazi, ncha ya mbele inachora njia yake na ncha ya nyuma inachora yake, zote zinalainika kwa kiasi kilekile. Ukiweka mkia nyuma tu, pua ya pikipiki inabaki kali kama kisu na watu wanahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawakijui.

Halafu kwa Linear kitu kizima kinasogea kidogo kuelekea upande wa mkia. Kama kuna kitu ulikiunganisha naye kwa Tracker (nodi inayofuatilia mwendo wa kitu), hakitakaa sawa tena.

#12 Ngamia wa Dodoma

Kwa sisi wa Blender (programu ya 3D yenye nodi zake) mambo ni hayohayo ila vitelezi vina majina mengine. Nodi ya Directional Blur kwenye matoleo ya 4 ina Iterations, Distance, Angle, Spin na Zoom. Hiyo Iterations imewachanganya wengi, mnadhani ni nguvu ya ukungu. Ni idadi ya nakala, na inajizidisha kwa mbili kila unapopanda hatua moja. 1 ni nakala 2, 5 ni nakala 32, 6 ni nakala 64. Mkia wa pikseli 38 ukiwa na nakala 8 tu utaona ngazi, bodaboda wanane wamebebana. Weka 6, inatosha, ukipanda zaidi unapika kompyuta tu.

Na nodi hiyo mkia wake ni wa upande mmoja. Sisi hatuna Centered, kwa hiyo baada ya ukungu tunaweka Translate kurudisha picha nyuma nusu ya mkia. Kwa mfano huu ni pikseli 19.

#13 Sele wa Templeti

Mnapima pikseli kama mafundi cherehani aisee. Mteja mwenyewe ataangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

#14 Dada Roto

Sele, hicho kioo kilichopasuka ndicho kilichomwonyesha kwamba bodaboda anaruka kama chura.

#15 Binti Kizingo

Asalaam aleikum nyote, niko Mombasa. Samahani nadandia uzi wa wenyewe. Nina shoti ya matatu usiku, taa zinapita. Nikitia ukungu, taa ambazo zilikuwa nyeupe zinafifia, zinageuka mistari ya kijivu kama chaki. Kwa kamera halisi ile mistari inang'aa. Shida ni nini?

#16 Mzee wa Nodi

Waaleikum salaam binti. Hujadandia, ni mlango uleule.

Picha ya simu imehifadhiwa ikiwa na gama, yaani namba zake zimepindishwa ili zifae kwenye kioo. Ukungu ni wastani, na wastani wa namba zilizopindishwa sio wastani wa mwanga. Chukua taa yenye upana wa pikseli 10, isambaze kwenye njia ya 38. Kila pikseli ya mkia inabaki na kama 0.26 ya mwanga wa taa. Ukifanya hesabu hiyo ukiwa ndani ya gama, kioo kinaonyesha 0.26 hiyohiyo, ndiyo chaki yako. Ukiondoa gama kwanza, ukatia ukungu, kisha ukairudisha, ile 0.26 inasomeka kwenye kioo kama 0.54. Zaidi ya mara mbili, na hujaongeza kitu chochote.

Kwenye Fusion weka nodi ya Gamut kabla, tiki Remove Gamma, na Gamut nyingine mwishoni kabisa, tiki Add Gamma. Katikati hapo kazi yote iwe ya float (namba za desimali zinazoweza kupita 1), biti 16 au 32, isiwe biti 8.

Bado haitang'aa kama unavyotaka, kwa sababu moja. Kwenye faili ya simu taa imegota kwenye 1, yaani nyeupe ya mwisho, ilhali pale barabarani ilikuwa kali kupita karatasi nyeupe mara nyingi. Kwa hiyo kabla ya ukungu izungushie maski taa peke yake na uizidishe mara 5. Kwenye kioo hutaona tofauti, nyeupe ni nyeupe. Lakini 5 mara 0.26 ni 1.3, mkia unatoka mweupe pepepe. Hapo ndipo unaonekana kama umepigwa na lenzi.

#17 Binti Kizingo

Subhanallah. Zinawaka! Mwaka mzima nimekuwa nikiongeza Glow (nodi ya mng'ao) juu ya chaki.

#18 Kijiwe Nongwa

"Glow juu ya chaki" naikopa, nitamwita mtu nayo.

#19 Mchoma Pikseli

Wakuu narudi. Mwili wa pikipiki sasa uko vizuri, anateleza. Ila magurudumu yananisaliti. Spoku zinaonekana kama zimevutwa kando, hazizunguki. Nimeongeza Directional Blur nyingine ya kuzunguka juu ya gurudumu, kidogo afadhali, ila gurudumu lote limekuwa kisahani cha alumini. Nimewahi kuona picha za baiskeli, chini kwenye lami spoku huwa zinaonekana!

#20 Mzee wa Nodi

Una jicho. Umeona kitu ambacho wengi hawakioni mpaka waambiwe.

Gurudumu linalobingirika bila kuteleza, ile sehemu inayogusa lami kwa sekunde hiyo imesimama. Kitovu kinaenda kwa spidi ya pikipiki. Utosi wa gurudumu unaenda mara mbili ya spidi ya pikipiki. Kwa hiyo kwenye picha halisi spoku za juu zimefutika kabisa na za chini karibu na lami zinahesabika.

Ukungu wa mzunguko ukifuatiwa na ukungu wa mstari haukupi hilo. Nodi ya kwanza inafuta spoku zote kwa mzunguko, ya pili inakuja kuvuta kilichokwisha kufutika. Mwendo wa kweli ni wa mara moja, mzunguko na safari kwa pamoja, na chini vinafutana.

Kwa hiyo kwenye gurudumu achana na Directional Blur. Chukua fremu moja nzuri ya gurudumu, likate, liweke kwenye Transform. Kitovu cha kuzungushia kiwe katikati ya ekseli. Kisha lisafirishe kwa fremu muhimu (fremu unazozipangia thamani, programu inajaza za katikati): pikseli 77 kila fremu, na mzunguko wake. Mzunguko unaupata hivi. Pima nusu kipenyo cha gurudumu kwa pikseli.

#21 Mchoma Pikseli

58.

#22 Mzee wa Nodi

77 gawa kwa 58 ni 1.33 radiani, zidisha kwa 57.3, ni kama digrii 76 kila fremu. Kwa kuwa anaenda kulia, lizunguke kama mshale wa saa.

Halafu kwenye hiyohiyo Transform fungua kichupo cha Settings, washa Motion Blur, Shutter Angle iwe 180, Quality ipandishe mpaka ngazi zipotee. Nodi itahesabu safari na mzunguko kwa pamoja, na chini patatoka pakavu penyewe. Usipoamini, jaribu.

#23 Ngamia wa Dodoma

Mzee samahani, kama Transform inaweza yote hayo, kwa nini basi asiifanye kwa pikipiki nzima aachane na Directional Blur?

#24 Mzee wa Nodi

Swali la haki, na jibu ni kwamba kwa shoti yenye spidi inayobadilika mimi ningefanya hivyo. Unamfuatilia kwa Tracker, unamsimamisha, yaani unamtuliza akae katikati ya picha kana kwamba hasafiri, kisha unamrudishia safari yake ileile kwa Transform yenye Motion Blur. Akipunguza mwendo kwenye tuta, ukungu unapungua wenyewe. Kwa Directional Blur ungelazimika kuweka fremu muhimu za Length kila anapobadilika.

Lakini huyu anaenda 76 mpaka 78 moja kwa moja. Namba moja inatosha. Kumfuatilia, kumtuliza na kumrudisha ni kazi ya nusu siku na Tracker ikiteleza utakesha. Na kila unapomsogeza na kumrudisha picha inalainika kidogo.

Vector Blur nayo ipo, ile inayosoma mwendo wa kila pikseli. Kwa kitu kilichotengenezwa kwa 3D ni tamu, kwa sababu programu inajua mwendo wenyewe. Blender ukitumia Cycles (injini yake ya kurenda, yaani kuzalisha picha) unawasha pasi ya Vector, ile inayohifadhi huo mwendo, ila uzime Motion Blur ya kurenda, haviendi pamoja. Kwa klipu ya simu mwendo unabashiriwa, na pale mguu wa dereva unapopita mbele ya gurudumu inabashiri vibaya.

#25 Dada Roto

Na kabla hamjasahau: tatizo hili lilianza barabarani, halikuanza kwenye nodi. Kichujio cheusi cha ND32 mbele ya lenzi kinapitisha sehemu 1 kati ya 32 ya mwanga. Shata la 1/2000 lingeshuka mpaka kama 1/60 na usingehitaji uzi huu. Programu ya kamera inayokuruhusu kufunga shata pia ni lazima, maana simu ikiachwa ijiamulie itapandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) bure.

Usiku chini ya taa za umeme funga 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni Hz 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata la 1/60 litakuletea mawimbi ya mwanga na giza.

#26 Mchoma Pikseli

Dada nimeagiza tayari, usinisimange mbele za watu.

Mzee, gurudumu. Nimekaa naliangalia tu. Chini spoku tatu zinaonekana, juu hakuna kitu, hewa. Nimemwita mke wangu aje aone, kaangalia kwa adabu.

Ila kuna msuto mwingine. Nimemtumia mteja. Pikipiki ina boksi nyuma lenye jina la duka na namba ya simu. Anasema jina halisomeki. Kweli, mkia wa 38 umelila jina lote. Nifanyeje, nimwambie fizikia imekataa?

#27 Kijiwe Nongwa

Mwambie jina liko mbioni.

#28 Dada Roto

Usimwambie fizikia, atatafuta fundi mwingine. Punguza shata. Digrii 90 ni mkia wa 19, gurudumu nalo uliweke 90, lazima vifanane. Herufi zikiwa nene zitasomeka, na mwendo bado utateleza kuliko ulivyokuwa.

Wengine wangekata boksi na kuliacha kavu. Mimi sishauri, litaonekana linaelea juu ya pikipiki.

#29 Mzee wa Nodi

Naunga mkono 90. Tena kabla hujashusha, angalia kingo za boksi. Kama kuna uzi mweusi umelizunguka, alfa yako imezidishwa mara mbili mahali fulani. Ukungu unataka rangi iliyokwisha kuzidishwa kwa alfa, mara moja tu. Wanasayansi wa kompyuta Porter na Duff waliyaandika haya mwaka 1984 na bado yanatuumiza.

#30 Mchoma Pikseli

Uzi mweusi ulikuwepo! Kumbe niliacha nodi ya AlphaMultiply kutoka majaribio ya juzi. Nimeifuta.

Shata 90, mkia 19, gurudumu 90. Jina la duka linasomeka, namba ya simu unaisoma ukikaza macho. Nimetuma saa nne usiku.

#31 Sele wa Templeti

Kasemaje?

#32 Mchoma Pikseli

Kasema safi sana, sasa pikipiki inakwenda. Kauliza kama naweza kumbadilisha dereva koti liwe jekundu.

#33 Kijiwe Nongwa

Fungua uzi mpya mkuu, kiti changu nakihamishia huko.